Mhariri, sio kila siku ni mtandao, kuna saa mtu anafuta wakati mwenzake anasoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua barua yangu ni ndefu lakini naomba isikatwe sana, maana hili jambo likikatwa katikati mtu anabaki na nusu yake na nusu yake haimsaidii. Mi ni mtengeneza programu za kompyuta, naishi Mtwara mjini, na miaka ya karibuni kazi yangu kubwa imekuwa mifumo ya kutunza kumbukumbu za wakulima huku kwetu kusini, korosho zaidi, na upande wa Lindi ufuta na mbaazi.

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba na minada ikianza, kuna sentensi moja utaisikia kila chama cha msingi, kuanzia Newala mpaka Nanyumbu: mtandao unasumbua. Mkulima kapeleka mzigo, umepimwa, kapewa karatasi yake, mnada umefanyika na bei kaisikia kwa masikio yake mwenyewe, jirani zake wameshaingiziwa hela benki, yeye jina halipo kwenye orodha, akiuliza anaambiwa mtandao. Anarudi nyumbani. Kesho anapanda bodaboda tena, nauli kwenda na kurudi, mtandao. Na huku watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa bei ya chini nje ya ushirika, wanapita mlangoni na vipimo vyao wanajua kabisa nani hajalipwa na nani ana mtoto anadaiwa michango shule. Kwa hiyo mtu akichelewa kulipwa wiki mbili sio kwamba amechelewa tu, gunia lake la mwisho lililobaki ndani limeshaondoka kwa bei ya kutupa.

Mi nataka kusema kwamba mara nyingi nilizoitwa kwenda kuangalia, mtandao haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa ndani ya mfumo wenyewe, mtu mmoja alikuwa anafuta kitu saa ileile mwenzake anakisoma, na sisi tuliotengeneza hatukuwa tumeamua kitokee nini ikiwa hivyo. Nasema sisi kwa sababu na mimi nimo, mfumo nitakaousimulia hapa niliutengeneza na wenzangu wawili kwa ajili ya ushirika mmoja wilaya ya Tandahimba, jina la chama naliacha.

Kwanza nieleze mfumo wenyewe upoje. Kanzidata, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta, nyingi watu walizozoea ni za majedwali, ni kama daftari la mistari, kila mkulima mstari wake. Ya kwetu ilikuwa ya grafu. Neno linatisha lakini mtu wa pwani grafu anaijua tangu utotoni, ni wavu. Nenda Mikindani jioni kaa na wavuvi wanaoshona nyavu, utaona fundo, na uzi unaotoka fundo hili kwenda fundo lile. Kwenye mfumo fundo moja ni mkulima, jingine shamba lake, jingine kijiji, jingine ghala, jingine stakabadhi, alafu nyuzi ndio zinasema huyu anamiliki hili shamba, huu mzigo uko ghala lile, hii stakabadhi ni ya yule. Tulichagua hivyo kwa sababu mkulima wa huku hakai kwenye mstari mmoja, ana mikorosho ya urithi kijiji alichozaliwa, mingine kijiji alichoolewa, anauzia vyama viwili, namba ya simu ni ya mtoto wake na mtoto mwenyewe naye ni mkulima. Ukimweka kwenye majedwali unaunganisha majedwali sita kabla hujajua anadai shilingi ngapi. Kwenye wavu unashika fundo moja unafuata uzi.

Ila wavu una jambo ambalo daftari halina. Kwenye daftari ukifuta mstari, mstari wa chini yake haujui kitu. Kwenye wavu ukikata fundo, nyuzi zote zilizokuwa zimefungwa pale zinabaki zinaning'inia. Ndio maana kanzidata kama Neo4j, ambayo ni moja ya zinazotumika sana duniani kwa kazi hii, ukiiambia ifute fundo ambalo bado lina nyuzi inakataa, mpaka uiambie wazi kwa amri ya DETACH DELETE kwamba kata na nyuzi zote. Hapo inakata kila kitu kwa mpigo mmoja. Mtu anayejifunza anaona hii amri ni raha, inamaliza kazi, na kweli inamaliza kazi, swali ni kwamba wakati inakata kuna nani alikuwa ameshika uzi wa upande wa pili anauvuta.

Sasa ilikuwa Ijumaa, Novemba, mnada umepita. Kwenye ofisi moja mhasibu akaagiza orodha ya malipo. Programu inapita kwa kila mkulima, fundo moja moja, inafuata nyuzi mpaka kwenye stakabadhi zake, inajumlisha kilo, inazidisha na bei, inatoa makato, inaandika jina na kiasi. Wakulima ni maelfu kwa hiyo inachukua dakika kadhaa. Saa hiyohiyo kijiji kingine, dada karani alikuwa ameagizwa asafishe majina yaliyojirudia. Kujirudia kwa majina huku ni kitu cha kawaida sana, mtu aliandikwa Hadija wakati wa kugawiwa salfa ya mikorosho, akaja kuandikwa Khadija wakati wa kupima mzigo, mfumo unaona ni watu wawili. Dada akikuta jozi ya namna hiyo anahamisha stakabadhi kutoka jina la ziada kwenda jina sahihi, alafu jina la ziada analifuta. Kazi halali, kaagizwa, na kaifanya kwa uangalifu kuliko hata nilivyotegemea.

Mara ya kwanza orodha ilikufa katikati. Programu ilikuwa imeshika namba ya fundo fulani, ikageuka kulisoma, fundo halipo, ikatoa kosa ikasimama. Hiyo ndio hali nzuri jamani, kwa sababu kosa limeonekana. Mhasibu kwa vile aliona maandishi mekundu akasema mtandao, akabonyeza tena. Mara ya pili ikapita mpaka mwisho, karatasi safi, jumla chini, sahihi zikawekwa, ikaenda benki.

Jumatatu nilikuwa pale ofisini kwa shughuli nyingine, akaingia bibi mmoja. Nikamwamkia, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, akakaa kwenye benchi akafungua pindo la kanga polepole, ndani kulikuwa na mfuko wa nailoni umefungwa fundo, ndani ya mfuko karatasi yake ya mzigo imekunjwa mara nne, wino bado unasomeka vizuri. Kilo 412, daraja la kwanza. Jina lake halikuwa kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, alikuwa amemuomba kijana mmoja amsomee mara mbili. Nikafungua laptopu. Jina lipo, stakabadhi ipo, ghala lipo, tarehe ipo, nyuzi zote zimekaa mahali pake. Nikamgeuzia kioo nikamuonyesha, bibi jina lako hili hapa. Akaangalia kioo, akaangalia ukuta, akaniuliza, sasa mjukuu wangu hapa nipo na pale sipo, mimi si ni mmoja tu?

Sikuwa na jibu. Nilitaka kusema mtandao, neno lilikuwa mdomoni kabisa.

Usiku ule nilikaa na rekodi za mfumo, kila kilichofanyika Ijumaa dakika kwa dakika, na ilikuwa hivi. Yule bibi alikuwa na mafundo mawili, tuseme Hadija na Khadija ingawa jina lake sio hilo. Stakabadhi ilikuwa imefungwa kwa Hadija. Programu ya malipo ilianza kupita kwa Khadija, ikakuta hana mzigo wowote, ikaendelea mbele. Baadae kidogo dada karani akahamisha stakabadhi kutoka kwa Hadija kwenda kwa Khadija, akafuta Hadija. Programu ilipofika mahali pa Hadija hapana mtu. Kwa hiyo hakuna dakika hata moja ambayo stakabadhi ya bibi ilikosekana kwenye kanzidata, ilikuwemo muda wote, na bado msomaji aliyepita kila mahali hakuiona.

Kama bado haijaingia, fikiria ghala. Umetumwa kuhesabu magunia, unaanza safu ya kushoto, umeimaliza, unahamia ya kulia. Nyuma yako kibarua anabeba gunia kutoka safu ya kulia ambayo hujaifikia anaenda kuliweka safu ya kushoto ambayo umeshaihesabu. Gunia halijatoka ghalani. Wewe hujakosea kuhesabu. Kibarua hajaiba. Na hesabu yako ina upungufu wa gunia moja. Na angebeba kinyume chake, kutoka kushoto kwenda kulia, ungelihesabu mara mbili, na mtu angelipwa mara mbili. Siku ile walikuwepo na hao, wawili, na mmoja wao alirudisha hela mwenyewe, Mungu ambariki.

Nataka wasomaji waelewe kwamba hili sio hitilafu ya kanzidata, ni kitu kimeandikwa wazi kwenye miongozo kwa mtu anayesoma. Kiwango cha kawaida cha Neo4j cha kutenganisha miamala, yaani kazi za watu wanaotumia kanzidata kwa wakati mmoja, ni kile kinachosema utasoma tu kitu ambacho mwenye kuandika ameshakithibitisha, basi. Hakikuahidi kwamba ulichosoma mwanzo na ulichosoma mwisho ni vya dakika moja. Hivi viwango sio vipya, viliwekwa kwenye sheria za SQL, lugha ya kuongea na kanzidata za majedwali, tangu 1992, viko vinne, kila kimoja kinaruhusu makosa fulani na kinazuia mengine, na anayechagua ni mtengenezaji. Sisi hatukuchagua, tulipokea kilichokuja. Hapo ndipo kosa letu lilipo na nimelikubali mbele ya uongozi wa chama.

Wapo watakaosema si mfunge tu kufuli, anayesoma afunge, anayefuta asubiri. Tulijaribu siku tatu. Kwenye wavu kufuli lina tabu yake, ukitaka kukata uzi mmoja kwa kawaida unafungia na mafundo mawili ya kila upande, na kuna mafundo yana nyuzi nyingi mno, fundo la ghala moja kubwa limeshikwa na stakabadhi maelfu, kila karani anayegusa stakabadhi yoyote anapanga foleni mlango wa ghala hilo. Alafu kuna mkwamo, karani mmoja kamfungia mkulima anasubiri ghala, mwenzake kafungia ghala anasubiri yule mkulima, wote wamesimama. Mfumo mzuri unaugundua huo mkwamo unamkataa mmoja wao ili mwingine apite, na programu inatakiwa ijaribu tena yenyewe kwa yule aliyekataliwa. Ya kwetu haikuwa inajaribu tena, ilikuwa inamwonyesha karani kosa, na karani anasema nini akiona kosa, unajua.

Njia nyingine ni ya picha. Anayesoma akianza, anapewa picha ya mambo yalivyokuwa dakika ile, na hata vitu vikifutwa nyuma yake yeye anaendelea kuviona mpaka amalize. PostgreSQL, ambayo ni kanzidata ya majedwali, inafanya hivyo ndani kwa ndani, ukifuta mstari haupotei palepale, unawekewa alama tu, na mfagiaji anakuja kuuondoa baadae pale ambapo hakuna msomaji hata mmoja anayeuhitaji. Kwenye upande wa grafu Memgraph nayo inaanza na picha kama kiwango chake cha kawaida. Na kwenye kiini cha Linux, kile kinachoendesha seva nyingi duniani na simu zetu za Android, kuna mbinu ya aina hiyo tangu 2002 inaitwa RCU, anayefuta anaondoa kitu kwenye mnyororo ili wasomaji wapya wasikifikie, alafu anasubiri wasomaji wa zamani wote watoke, ndio anakitupa. Nimeipenda sana hiyo mbinu kwa sababu haimlaumu msomaji na haimsimamishi. Ni adabu ya kawaida kabisa, wageni wakiwa bado wanakula huondoi mkeka, unaacha kupakua tu, wakimaliza unakunja.

Picha nayo ina gharama, nisidanganye. Msomaji akikaa ndani masaa manne, mfagiaji hawezi kufagia kile anachokiangalia, vitu vilivyokufa vinajaa, diski inavimba, na seva za huku nyingi ni kompyuta moja ndogo kwenye chumba chenye joto na jenereta nje. Kwa hiyo ripoti ndefu inatakiwa ifanywe kwenye nakala ya pembeni, sio kwenye ile ambayo makarani wanaandikia.

Kuna na hatari nyingine mbili nitazipitia haraka. Moja ni mzimu. Kanzidata za grafu zinazokaa juu ya hifadhi zilizosambaa kwenye seva nyingi, ambapo nakala moja inachelewa kupata habari kutoka nyingine, mtu mmoja akifuta fundo na mwingine akiliandika saa hiyohiyo, wote wawili wanaambiwa mmefanikiwa, na fundo linabaki likiwa na kile tu kilichoandikwa na yule wa pili. Waandishi wa mwongozo wa JanusGraph, kanzidata mojawapo ya aina hiyo, wenyewe wanaliita fundo la mzimu. Fikiria mkulima hana jina, hana kijiji, ana namba ya simu tu, na orodha inampigia hesabu. Ya pili ni namba. Neo4j ikifuta fundo, namba yake ya ndani inaweza kupewa fundo jingine jipya, na wanaonya kwamba usiitegemee namba hiyo nje ya kanzidata. Sisi tulikuwa tunaichapa namba hiyo kwenye karatasi za wakulima. Yaani karatasi aliyoshika mtu mkononi, namba yake baada ya kufutwa jina la ziada ilikuwa inaweza kumfungua mtu mwingine kabisa. Nilipoligundua hilo nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe muda mrefu. Tumelibadilisha usiku uleule, kila mkulima sasa ana namba yake tuliyoitunga sisi ambayo haitumiki tena hata akifa.

Tulichofanya baada ya hapo ni hiki. Karani hafuti tena mchana. Akikuta Hadija na Khadija ni mtu mmoja, anaweka uzi mmoja tu kati yao, uzi unaosema huyu ndiye yule, na anaweka alama ya tarehe kwenye jina la ziada kwamba hili lisitumike kwa mambo mapya. Stakabadhi haihami, inabaki palepale ilipofungwa. Orodha ya malipo ikipita kwa Khadija inakuta hana kitu, ikifika kwa Hadija inakuta stakabadhi na inakuta uzi wa huyu ndiye yule, inaandika kwa jina la Khadija, mwisho. Hata karani akiweka uzi huo katikati ya ripoti, kilo hazipotei na hazijirudii kwa sababu hakuna gunia lililobebwa. Kuhamisha na kufuta kwenyewe kunafanyika usiku wa manane, baada ya programu kuhakikisha hakuna msomaji yeyote aliyeanza kabla ya alama ile ambaye bado yuko ndani, na inafuta kidogokidogo, mafungu madogo, sio yote kwa mpigo, ili ikikwama isikwame na kila kitu. Na kabla orodha haijaenda benki, jumla ya kilo kwenye orodha inalinganishwa na jumla ya kilo kwenye stakabadhi za ghala kwa mnada ule, zikitofautiana hata kilo moja orodha haitoki. Hili la mwisho halihitaji utaalamu wowote wa kompyuta, wazee wa ushirika walikuwa wanalifanya kwa kalamu, tukaliacha tulipopata mashine.

Mtu anaweza kusema basi tusifute kabisa, tuweke alama tu milele. Hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 2023, na mtu ana haki ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Kufuta lazima kuwepo. Ninachokazania ni kwamba kufuta kuwe na saa yake na kumheshimu anayesoma.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu liko pande mbili. Kwa viongozi wa vyama na halmashauri, mikataba ya mifumo inasainiwa miezi hii kabla ya msimu, na maswali mnayouliza ni bei na rangi ya skrini. Muulizeni huyo anayewauzia: karani wangu akifuta jina wakati mhasibu wangu anatoa orodha, kinatokea nini? Mwambieni awaonyeshe pale mezani, kompyuta mbili, mmoja atoe orodha mwingine afute, hapohapo. Asiyeweza kuonyesha hajalifikiria, na ndio sisi tulivyokuwa. Muulizeni pia kama akimkuta mkulima hayupo programu inasimama na kusema, au inaruka na kuendelea, kwa sababu inayoruka kimya ndio inayoua watu.

Na kwa waandishi wako, mkija huku msimu ukianza na mkiambiwa malipo yamechelewa kwa sababu ya mtandao, naomba msiandike hivyo mkaondoka. Ulizeni hiyo siku orodha ilipotolewa nani alikuwa anarekebisha majina, na ulizeni kama jumla ya kilo za orodha ililingana na za ghala. Watu wa huku neno uhakiki wanalijua vizuri tangu ule msimu wa 2018 serikali iliposema itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wakulima wakahakikiwa kabla ya kulipwa, kwa hiyo hawataona ajabu mkiuliza habari za majina na kilo, watawasaidia.

Yule bibi alilipwa siku ya kumi na moja. Nilimpelekea taarifa mwenyewe mpaka kwake, alikuwa anapembua mbaazi kwenye ungo, na gunia lililokuwa limebaki ndani alikuwa ameshaliuza kwa mtu wa kangomba siku ya sita kwa sababu mjukuu wake alihitaji hela ya shule. Ile karatasi yenye namba ya zamani nilimuomba anirudishie nimpe mpya akakataa, akasema atakaa na zote mbili, akazikunja pamoja akazirudisha kwenye mfuko wa nailoni.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtengeneza programu, Mtwara.